Picha Inakatika, Inarukaruka, Inapotea: Maswali ya Bodi Ndogo na Skrini Zake

Kazi yangu ni kufunga skrini kisiwani Mombasa na pande za Nyali na Likoni: ubao wa nyakati za swala msikitini, menyu ya mkahawa, TV ya foleni kwenye zahanati, na mara mojamoja skrini ya ndani ya matatu. Nyuma ya kila moja mna bodi yenye prosesa ndogo. Mara nyingi ni Raspberry Pi, pengine BeagleBone Black, na kwa wanafunzi wanaonijia jioni huwa ni bodi za STM32 zilizofungwa skrini ya utepe. Maswali ni yaleyale kila wiki na nimechoka kuyajibu kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo nimeyaandika.

Ombi moja kabla hujashuka chini. Picha isipotulia, usikimbilie mipangilio. Tazama kwanza kasoro yenyewe ina umbo gani. Picha inayozimika yote na kurudi ina ugonjwa wake, yenye vidoti ina wake, iliyohamia upande ina wake. Ukishanieleza umbo, nusu ya kazi umeshanifanyia.

Skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili tatu, kisha picha inarudi yenyewe. Nianzie wapi?

Kwenye umeme. Najua hutaki kusikia hivyo, kwa sababu taa ya bodi inawaka na programu inaendelea kama kawaida. Lakini TV inapopoteza saa ya pikseli (mapigo yanayoiambia lini kila kidoti cha picha kinafika) kutoka kwenye HDMI, hata kwa muda mfupi kupita kiasi, huificha picha, hujipanga upya, kisha huionyesha tena. Kule kujipanga ndiko kunakokula sekunde mbili tatu. Kosa lenyewe huenda lilikuwa la kufumba na kufumbua.

Chukua mita, iweke kwenye volti za DC. Kwenye Raspberry Pi gusa pini ya 2 au ya 4, ambazo ni volti 5, na pini ya 6, ambayo ni ardhi. Pima bodi ikiwa inafanya kazi ngumu: video inacheza, flashi na kibodi zimechomekwa. Kupima bodi iliyokaa bure ni kama kumpima mtu pumzi akiwa amelala. Mimi nataka kuona 4.9 kwenda juu. Raspberry Pi yenyewe huanza kulalamika umeme ukishuka hadi takriban 4.63.

Chaja yangu imeandikwa wati 65. Hiyo si inatosha na kubaki?

Soma maandishi madogo. Wati 65 mara nyingi ni volti 20 kwa ampea 3.25, kwa ajili ya laptopu. Kwa volti 5, chaja hiyohiyo hutoa ampea 3 tu, na nyingine za simu hutoa 2. Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Raspberry Pi 5 inataka volti 5.1 na ampea 5. Ile 0.1 ya ziada haikuwekwa kwa urembo. Imewekwa kwa sababu waya unakula.

Na unakula sana. Tuseme waya wako mwembamba, mrefu mita mbili, una upinzani wa omu 0.2 kwenda na kurudi. Bodi ikivuta ampea 2, zinapotea volti 0.4 njiani. Chaja imetoa 5.0, bodi imepokea 4.6, na hapo umeshavuka mpaka. Ndiyo maana nasema ukibadilisha chaja badilisha na waya, au tafuta adapta ambayo waya wake umeshikana nayo moja kwa moja. Nina waya mmoja mweusi, mfupi, mnene, ambao siuuzi wala siuazimishi. Ndio wangu wa kupimia.

Kwa mwenye Raspberry Pi 4 ya toleo la kwanza la 2019: bodi zile zilikuwa na kasoro kwenye mlango wa USB-C, na baadhi ya waya za bei ghali zenye chipu ndani hazikuipa umeme kabisa. Waya wa kawaida ulifanya kazi. Yangu bado ninayo.

Ile alama ya radi ya manjano, inayoonya kuwa umeme uko chini, haionekani. Basi umeme uko sawa?

Si lazima. Alama huonekana kwa muda mfupi, na programu yako ikijaza skrini nzima huenda usiione. Fungua terminali uandike:

`vcgencmd get_throttled`

Ukipata `0x0`, bodi haijawahi kukosa umeme tangu iwashwe. Ukipata `0x50000`, umeme ulishuka wakati fulani na prosesa ikapunguzwa kasi, ingawa sasa hivi mambo ni shwari. Ukipata `0x50005`, umeme uko chini sasa hivi unapoangalia. Herufi za kushoto ni historia, za kulia ni sasa. Usizime bodi kabla ya kusoma, kwa sababu ukizima historia inafutika, na mimi nitakaa hapo kusubiri kosa lirudi.

Picha inakatika kila feni au friji ikiwashwa. Je, ni mapepo?

Niliulizwa hivyo kwa utani, lakini aliyeuliza alikuwa amechoka. Maalim wa msikiti mmoja alinipigia simu: "Fundi, ubao wako unafumba macho kila tukikaribia magharibi." Nilifika kabla ya adhana nikakaa nyuma. Mzee mmoja akaingia akaanza kuwasha feni za dari, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, ubao ukawa mweusi, ukarudi. Ya tano, tena.

Nilipanda ngazi. Adapta ya bodi ilikuwa kwenye ekstensheni moja na amplifaya ya vipaza sauti, na kebo ya HDMI ilikuwa imefungwa pamoja na waya wa stima kwa vifungio vya plastiki kutoka juu hadi chini, imependeza kweli. Mota ya feni inapowashwa au kuzimwa hutupa mshtuko mdogo kwenye nyaya, na mshtuko ule unarukia kebo iliyolala kando yake. Nilihamisha adapta kwenye soketi yake peke yake; tukawasha feni zote sita, ubao ukakatika mara moja tu. Kisha nikakata vifungio nikaitenga kebo ya HDMI kiasi cha shibiri moja kutoka kwenye waya wa stima. Tukawasha tena, haukukatika. Nilikuwa nimebeba na pete ya feraiti ya kuvika kwenye kebo. Haikuhitajika, na iko mfukoni mwa begi mpaka leo.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu ya jinsi nilivyofanya: jambo moja, jaribio, jambo la pili, jaribio. Kama ningefanya yote matatu kwa mpigo, ningempa Maalim bili ya feraiti bila sababu.

Ukigusa fremu ya chuma ya TV ikakuuma vidole kidogo, hilo si la fundi wa skrini. Mwite fundi wa stima aangalie ardhi ya soketi kabla hujaendelea na lolote.

Stima ikipotea na kurudi, TV inaandika No Signal mpaka nizime bodi na kuiwasha upya. Kwa nini?

Hili ndilo swali la pili kwa wingi, na hapa Pwani utakutana nalo sana kwa sababu stima ikirudi, bodi na TV huamka pamoja lakini haziamki sawasawa.

Kiunganishi cha HDMI kina pini 19. Bodi hutuma volti 5 kupitia pini ya 18. TV ikiwa macho hujibu kwa kuinua pini ya 19, maana yake "nipo". Bodi ikiona jibu, husoma kwa pini za 15 na 16 karatasi ya TV, iitwayo EDID: ukubwa wa picha unaokubalika, kasi, sauti. Sasa bodi imewaka ndani ya sekunde chache, TV bado imelala kwa rimoti. Bodi inauliza, hakuna anayejibu, inaamua hakuna skrini na kuzima mlango. TV ikija kuamka baadaye, haikuti kitu.

Dawa ni kuilazimisha bodi itoe picha hata pasipo na jibu. Kwenye Raspberry Pi OS za kuanzia Bookworm, iliyotoka 2023, fungua `/boot/firmware/cmdline.txt` na mwishoni mwa mstari uleule, bila kushuka mstari mpya, ongeza:

`video=HDMI-A-1:1920x1080@60D`

Herufi D ya mwisho ndiyo yenye kazi: inasema mlango uwe wazi wakati wote. Kwenye mifumo ya zamani tulikuwa tunaandika `hdmi_force_hotplug=1`, `hdmi_group=1` na `hdmi_mode=16` ndani ya `config.txt`. Watu wananakili mistari hiyo kutoka maelezo ya zamani wanaibandika kwenye mfumo mpya, haifanyi kitu, wanadhani bodi imekufa. Draiva mpya ya picha haisomi mistari hiyo.

Kabla ya kubadilisha chochote, iulize bodi inaona nini:

`cat /sys/class/drm/card*-HDMI-A-1/status`

Ikisema `disconnected` na kebo imechomekwa, shida iko kwenye pini ya 18, ya 19, kebo, au TV. Ikisema `connected` na bado kweusi, shida iko kwingine.

Hakikisha pia umechomeka mlango sahihi. Raspberry Pi 4 ina HDMI mbili ndogo, na ya kwanza ni ile iliyo karibu na mlango wa umeme. Nimewahi kuvuka feri hadi Likoni kwa ajili ya hili tu.

Picha inakuja, lakini imevutwa na maandishi ni makubwa mno, 1024 kwa 768.

Karatasi ya EDID haikusomeka. Linux ikikosa karatasi hutoa ukubwa wa kubahatisha usiozidi huo. Karatasi nzima huanza na baiti `00 FF FF FF FF FF FF 00`, kila kipande kina baiti 128, na ukizijumlisha zote lazima jumla igawanyike kwa 256 bila baki. Baiti moja ikiharibika njiani, hesabu inagoma na karatasi inatupwa. Watuhumiwa ni kebo mbovu, adapta ya kugeuza HDMI kuwa VGA, na vigawanyaji vya bei poa vya TV moja kuwa mbili.

Kama TV ni nzima na kigawanyaji ndicho mkorofi, chomeka bodi kwenye TV moja kwa moja, nakili faili la `edid` lililo kwenye folda ileile ya `status`, liweke `/lib/firmware/edid/tv.bin`, kisha kwenye `cmdline.txt` ongeza `drm.edid_firmware=HDMI-A-1:edid/tv.bin`. Kuanzia hapo bodi inasoma nakala, haimuulizi mtu.

Kuna vidoti vyeupe vinarukaruka kama mtu amenyunyiza chumvi.

Hiyo ni kebo au kiunganishi, karibu kila mara. HDMI ya kawaida hupeleka picha kwa njia tatu pamoja na njia ya saa. Kwa picha ya 1080 kwa hezi 60 (yaani 1920 kwa 1080, fremu 60 kwa sekunde), hesabu inakwenda hivi: mstari mmoja ni pikseli 2200 ukiweka na zile zisizoonekana, mistari ni 1125, mara 60, unapata pikseli milioni 148.5 kwa sekunde. Kila njia hupeleka biti 10 kwa kila pikseli, yaani biti bilioni 1.485 kwa sekunde. Kebo iliyokunjwa nyuma ya kabati au kiunganishi kilicholegea hakiwezi kubeba hiyo bila kudondosha baadhi. Kila biti iliyodondoka ni kidoti chako.

Angalia rangi ya vidoti. Njia ya kwanza hubeba bluu, ya pili kijani, ya tatu nyekundu. Vidoti vikichezea nyekundu peke yake, huenda pini za njia moja tu ndizo chafu, na kusafisha kutatosha. Ishara za kuanza mstari na kuanza fremu zinasafiri na bluu, kwa hiyo njia hiyo ikiugua sana hupati vidoti, unapata giza.

Kebo ya mita 15 nimeipata kwa bei nzuri. Ninunue?

Kwa 1080, mita 5 sina wasiwasi. Kupita 10 za kebo ya kawaida ya shaba, mimi sikufungii kwa dhamana. Tumia kebo yenye vikuza ishara ndani (ina mwelekeo, upande wa TV umeandikwa, ukiigeuza haifanyi kazi), au jozi ya vifaa vya kupitisha HDMI kwenye waya wa mtandao. Njia rahisi kuliko zote husahaulika: peleka bodi nyuma ya TV, vuta waya wa mtandao kuja kwako.

Nikishusha hadi 720 picha inatulia. Nimemaliza?

Umepata kipimo kizuri. 720 kwa hezi 60 ni pikseli 1650 mara 750 mara 60, milioni 74.25, nusu kamili ya ile ya mwanzo. Ikitulia kwa nusu mwendo, basi programu yako ni nzima na njia ndiyo inayochoka.

Lakini kabla hujakubali herufi zilizofifia, jaribu 1080 kwa hezi 30. Hesabu yake ni milioni 74.25 hiyohiyo, na kwa ubao wa nyakati za swala au bei za pilau, nani ataona tofauti ya hezi? Kwa kazi za maandishi yaliyotulia nimeacha nyingi hivyo na hazijanirudia. TV chache hazikubali hezi 30; iangalie karatasi yake kwanza. Kwa video ya mpira, badilisha kebo.

Nimeweka 2560 kwa 1440 kwenye Raspberry Pi 4 na Wi-Fi imekufa. Inahusiana vipi?

Inahusiana moja kwa moja. Saa ya pikseli ya ukubwa huo ni megahezi 241.5. Zidisha kwa 10, unapata megahezi 2415, na chaneli ya kwanza ya Wi-Fi iko 2412. Kebo yako imekuwa redio inayopiga kelele sikioni mwa antena. Badili ukubwa wa picha, hamia Wi-Fi ya gigahezi 5, au tumia waya.

BeagleBone Black yangu haikubali 1080 kwa hezi 60. Kebo mbovu?

Hapana, bodi imefika mwisho wa uwezo wake. Inatoa 1080 kwa hezi 24 tu, na TV nyingi hazipendi hivyo, ndiyo maana inakatika. Weka 720 ulale. Rangi nazo ni za biti 16, kwa hiyo mawingu yenye ngazi ngazi ni ya kuzaliwa nayo.

Ukiona picha inahama ghafla upande mmoja wakati prosesa ina kazi nyingi, soma `dmesg` (kumbukumbu za mfumo) utafute maneno `FIFO underflow`. Maana yake kidhibiti cha skrini kiliomba pikseli kutoka kwenye memori, zikachelewa. Memori ni moja, wote wanachota humo. Picha ya 1080 kwa hezi 60 yenye baiti 4 kwa pikseli huchota baiti karibu milioni 498 kila sekunde kabla programu yako haijafanya lolote. Ukitumia baiti 2 unapunguza nusu. Kwenye bodi ndogo huo ndio uamuzi wa kwanza wa kufanya.

Mimi ni mwanafunzi, nimefunga skrini ya utepe ya 800 kwa 480 kwenye STM32. Picha imehamia kulia na upande mmoja umejitokeza upande wa pili.

Pambizo za ishara hazilingani na za skrini. Kila skrini ina karatasi ya kiwanda yenye muda wa kupumzika kabla na baada ya kila mstari. Nyingi za 800 kwa 480 zina jumla ya 1056 kwa 525, ambayo kwa hezi 60 ni saa ya megahezi 33.3 hivi. Soma ya kwako, usinakili ya rafiki.

Kama picha iko mahali pake lakini kingo za herufi zinatetemeka kama zinaonekana juu ya lami ya mchana, badilisha upande wa pigo la saa: kidhibiti kinatoa pikseli wakati uleule skrini inasoma. Ni biti moja ya kugeuza, na imewapotezea watu wikendi nzima. Na kama rangi moja inaruka ukigusa utepe kwa kidole, hujui unachohitaji? Fungua kibano, chomeka utepe upya, funga.

Picha imetulia, ila kuna vistari vifupi vya rangi ya zamani vinabaki baada ya kuchora upya.

Swali ninalolipenda. Piga picha skrini kwa karibu, uhesabu urefu wa kistari kimoja. Kama ni pikseli 16, au vipande vinavyoanza kila baada ya 16, umeshamkamata mwizi.

Prosesa ya Cortex-M7, iliyo kwenye STM32F7 na H7, ina memori ya haraka ya pembeni (cache) iliyogawanywa vipande vya baiti 32. Kwa rangi za biti 16, baiti 32 ni pikseli 16. Prosesa imechora, lakini rangi mpya zimebaki mkononi mwake, hazijafika kwenye memori kubwa ambako kidhibiti cha skrini husoma. Kidhibiti kinaonyesha cha jana. Baadaye kipande kimoja kimoja kinateremshwa kwa wakati wake, na unaona vistari vikifutika ovyo.

Baada ya kuchora, ita `SCB_CleanDCache_by_Addr` kwa eneo ulilogusa, au tumia MPU (sehemu ya prosesa inayopanga kanuni za kila eneo la memori) kulitangaza eneo la picha kuwa halihifadhiwi pembeni. Njia ya pili hupunguza kasi ya kuchora lakini haisahauliki. Kijana mmoja aliyeniletea tatizo hili alikuwa ameshabadilisha skrini mbili. Tulihesabu pamoja kwenye simu yake, kidole kwa kidole, mpaka 16, akanyamaza.

Kitu kikikimbia kwenye skrini kinakatwa katikati, juu kimetangulia chini kimebaki.

Unachora juu ya karatasi ileile inayosomwa. Tenga kurasa mbili za memori: moja inaonyeshwa, nyingine inachorwa, na zibadilishane fremu inapoisha, kila milisekunde 16.7 kwa hezi 60. Kebo haihusiki hapa, iache.

Joto la Mombasa linaharibu picha?

Linaipunguzia mwendo. Raspberry Pi 4 huanza kujizuia ikifika nyuzi 80, na hapo video inakwama na kurukaruka, lakini skrini haizimiki. Kukwama na kukatika ni vitu viwili. Pima kwa `vcgencmd measure_temp`. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, kisanduku cha plastiki nyuma ya TV kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri ni tanuri. Toboa matundu juu na chini, weka chuma cha kupoza.

Chumvi ndiyo adui mkubwa zaidi. Kwa walio karibu na bahari, ndani ya miezi michache unakuta ukungu wa kijani kwenye pini za HDMI. Vua umeme, tumia brashi laini na alkoholi ya isopropili, acha ikauke kabisa. Kwenye mkahawa wenye kiyoyozi, mlango ukifunguliwa hewa ya nje yenye unyevu inaingia na kutua kwenye kitu baridi. Usifunge bodi mbele ya mdomo wa kiyoyozi. Naona watu wanaiweka hapo makusudi ipoe.

Kwenye matatu picha inazimika dereva akipiga stata.

Stata huvuta betri chini kwa muda, kisha altaneta hutupa miruko juu. Chaja ya kiberiti cha sigara haiwezi vita hiyo. Tafuta kigeuzi cha volti kinachokubali umeme wa chini na wa juu sana kwa kuingia, na chenye ampea za kutosha kwa kutoka. Kisha tia tone la gundi ya moto ubavuni mwa kiunganishi cha HDMI ndogo. Barabara zetu unazijua.

TV ya waya za RCA inaonyesha picha nyeusi na nyeupe.

NTSC na PAL ni mifumo miwili ya rangi ya TV za zamani. Bodi inatoa NTSC, TV inataka PAL. Kwenye mfumo wa zamani weka `sdtv_mode=2`. Ukikosa picha kabisa na kusikia mngurumo, waya wako una ardhi na video zilizobadilishana. Waya za kamera za zamani ziko hivyo nyingi, na zinafanana kabisa na zinazofaa.

Nikiirekodi skrini kwa simu, mistari myeusi inatembea.

Hiyo ni simu. Kama jicho halioni, acha.

Fundi mmoja aliniambia niweke mfumo upya.

Weka kama una ushahidi kuwa mfumo ndio mbaya. Mimi huchukua kadi nyingine ya memori yenye mfumo safi, naichomeka kwenye bodi ileile, kebo ileile, chaja ileile. Ikikatika vilevile, mfumo wako haukuwa na hatia na data yako bado iko.

Nikuletee nini?

Watu huja na bodi peke yake kwenye mfuko wa nailoni. Inawaka vizuri mezani kwangu, kwa chaja yangu na ule waya mweusi mfupi, tunatazamana. Leta chaja yako, waya wako, kebo yako ya HDMI, na video ya simu ya angalau dakika mbili ikionyesha kosa likitokea, sauti ikiwa imewashwa. Sauti hunionyesha nini kimewashwa wakati uleule, kama ile feni ya tatu ya msikitini.